Je, wafanyakazi wa mionzi wapimwe mitokondria kabla ya kuajiriwa?

Mleta mada:
Wakuu, wapo wanaosema DNA ya mitokondria (vijumba ndani ya seli vinavyotengeneza nishati), ile tunayorithi kwa mama peke yake, ndiyo inayoamua nani ataumizwa na mionzi na nani atahimili. Basi watu wapimwe, na atakayeonekana dhaifu asipewe kazi. Ushahidi wao ni panya wa maabara. Mimi napinga, na napinga kwa panya haohao.

Panya wa ukoo wa BALB/c hudhurika na mionzi upesi kuliko wa C57BL/6. Wape dozi moja, kisha hesabu walio hai kwa siku 30: BALB/c watakuwa wamekufa wengi zaidi, uboho umeshindwa kutengeneza damu. Ni rahisi kuzishuku mitokondria. Kumbe BALB/c wana kasoro kwenye Prkdc, jeni inayosaidia kuunga DNA iliyokatika, na jeni hiyo imo kwenye kiini cha seli.

Mchangiaji:
Ndugu yangu, umechagua mfano unaokubeba. Mionzi hupasua maji ndani ya seli na kuzaa radikali, chembe kali zinazounguza kila kilicho karibu. Mitokondria ndizo zinazotumia oksijeni kwa wingi, na zikijeruhiwa huzidisha radikali hizo. DNA yake ina jeni 37, na haikuviringwa kwenye histoni, protini zinazofungasha DNA, kama ya kiini. Utasemaje haihusiki?

Mleta mada:
Sijasema haihusiki, ndugu. Nasema ipimwe yenyewe, na njia ipo. Chini ya hadubini, mrija wa kioo mwembamba kuliko unywele hunyonya viini viwili vya yai lililorutubishwa, cha baba na cha mama, na kuvitia kwenye yai la ukoo mwingine lililokwisha kutolewa vyake. Panya atakayezaliwa ana kiini cha ukoo mmoja na mitokondria za mwingine. Mwaka 2013 zilichapishwa habari za panya wa aina hiyo, wa koo za C57BL/6 na C3H, na moyo uliozidishiwa mzigo ulistahimili tofauti kulingana na mitokondria. Hapo nakubali bila ubishi. Ila huo ni moyo, tena wa panya.

Na tusisahau: katika protini zaidi ya 1,000 za mitokondria, 13 tu ndizo zinazoandikwa na DNA yake. Hata SOD2, kimeng'enya kinachozima radikali humo ndani, jeni yake iko kwenye kiini. Kipimo cha DNA ya mitokondria pekee kitaona nini?

Halafu dozi. Panya hao hupigwa grei kadhaa kwa mkupuo, na grei moja ya eksirei au gamma ni kama milisiverti 1,000. Mfanyakazi, kwa pendekezo la kimataifa, hatakiwi kuzidisha wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka.

Sasa nijibu hili: DNA hiyo hupita kwa mama. Ukimkataa dada mmoja, umewakataa ndugu zake wote wa tumbo moja, na watoto wa dada zake pia. Uko tayari kuwafungia mlango wote hao kwa ushahidi huu?