Ukumbi unaiharibu piano wenyewe, halafu lawama anatupiwa fundi

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kuna ukumbi hapa Kampala wenye piano kubwa ya tamasha, karibu mita tatu kwa urefu. Kila kwaya yetu ikiikodi mambo ni yale yale: fundi anaituni asubuhi, yaani anakaza nyuzi zitoe sauti sahihi, noti A ya katikati inasimama kwenye hezi 440, kipimo cha kawaida, kila kitu safi. Jioni, programu haijafika nusu, noti za katikati zimeshashuka na besi imebaki karibu palepale. Waimbaji wanahangaika, meneja anasema fundi hajui kazi!

Fundi anaonewa. Piano ya namna hii ina nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wake kwa jumla unakaribia tani 20. Chini ya nyuzi kuna ubao wa sauti, mwembamba, unaokunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ukivimba unazisukuma nyuzi, sauti inapanda. Ukikauka inashuka, na katikati ndiko kunakoyumba zaidi.

Sasa tazameni wanachofanya. Wiki nzima kiyoyozi kimezimwa, madirisha wazi, mvua za Machi hadi Mei zinanyesha. Fundi anaituni katika hali hiyo. Saa chache kabla ya watu kuingia, kiyoyozi kinafunguliwa hadi mwisho, kinakausha hewa na ubao pamoja nayo, na mataa makali yanamulika nyuzi. Chuma kikipata joto hutanuka, uzi unalegea. Fundi gani ataliweza hilo?

Meneja anasema eti vigingi, vile vipini vya chuma vinavyokaza nyuzi, vimelegea, vibadilishwe vyote! Vigingi vikilegea, uzi mmoja mmoja hushuka ovyo, na nyuzi tatu za noti moja zinaachana. Hapa eneo zima linashuka kwa pamoja. Tena hakuna aliyevipima ukazo. Wako tayari kumwaga mamilioni ya shilingi, ambayo najua tutayalipa sisi kwenye bei ya kukodi, lakini kipima unyevu, kitu kidogo cha kutundika ukutani, hawajanunua mpaka leo.

Tunataka kiyoyozi kiwashwe siku kadhaa kabla ya fundi kuja na kisizimwe hadi tamasha liishe. Unyevu ukae karibu na asilimia 45, na zaidi ya yote usirukeruke. Fundi atuni mataa ya jukwaa yakiwaka. Barua tumeshapeleka, jibu hakuna. Aliyewahi kuubana uongozi wa ukumbi wowote Kampala, Entebbe au Jinja ukakubali masharti haya, aandike hapa alipitia kwa nani.