Kikundi: Kamati ya Vijana na Wazazi wa Kipaimara

Mama Mlezi (Jumatatu, saa 1:10 asubuhi): Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kama tulivyokubaliana baada ya ibada ya pili, naomba kila mzazi aandike hapa Jumamosi anayoweza kukaa na vijana, maana mwalimu wetu wa kipaimara anahamia Dodoma mwisho wa mwezi, na wale wa mwaka wa kwanza hawajafika hata Amri ya Tano. Tukitafuta mtu mmoja wa kumrithi, tutarudi hapahapa siku naye atakapohamishwa. Napendekeza walezi wanane, wawiliwawili kila Jumamosi, kwa muda wa mwaka mmoja, ili anayechoka apumzike bila kuonekana ameikimbia kazi ya Mungu.

Mama Mlezi (saa 6:40 mchana): Naona wengi wamesoma, lakini hakuna aliyejibu.

Baba Neema: Amen, Mama. Niandike Jumamosi ya pili, isipokuwa kukiwa na mechi ya Simba na Yanga, maana siku hiyo hata hao vijana hutawapata.

Mwalimu wa Kwaya: Baba Neema, njoo tu uwafundishe uvumilivu, kwa kuwa ninyi watu wa Simba mnao wa kutosha.

Baba Neema: Mwalimu, hayo tutayamaliza siku ya mechi yenyewe!

Mama Mlezi: Ndugu zangu, mpira tutauzungumza baadaye. Sababu ya wawiliwawili si uchovu peke yake. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wanakipaimara wetu karibu wote wamo humo. Haifai mtu mzima mmoja abaki ofisini na mtoto mlango ukiwa umefungwa, hata kama ni mtu tunayemwamini kwa moyo wote. Utaratibu huo unamlinda mtoto, na mlezi pia unamlinda.

Mweka Hazina: Naunga mkono, ila nauli itatoka wapi? Bajeti ya mwaka huu ina fungu la kwaya na la ukarabati wa paa. Vijana hawana fungu. Tunategemea mnada wa baada ya ibada, ambao mkungu mmoja wa ndizi ukinunuliwa na kutolewa tena mara tatu unatupa fedha nzuri, lakini mvua ikinyesha watu wote wanakimbilia nyumbani.

Mama Elia: Mnisamehe kwa kusema. Yule dada aliyewalea vijana kabla ya mwalimu huyu alikuwa akipanda bodaboda kutoka barabara kuu kwa fedha yake, na chaki na madaftari alinunua mwenyewe. Alipoomba nauli, aliambiwa mbele ya watu kwamba huduma haina malipo. Wiki hiyohiyo kinanda kikafungiwa stoo.

Katibu: *Ujumbe huu umefutwa.*

Katibu: Suala la kinanda lilikwisha kikaoni, halina haja ya kurudiwa hapa.

Mama Elia: Lilikwisha kwenu, Katibu.

Mwenyekiti wa Vijana: Shikamooni wazazi. Siku tulipobarikiwa mwaka jana kanisa lilijaa, na leo katika kipindi cha Jumamosi hatuzidi kumi. Wapo waliokwenda bweni, lakini wengine wako hapahapa kijijini, nao wanasema kwamba baada ya kipaimara hakuna aliyewaambia kazi yao ni ipi. Tuko tayari kuwafundisha wadogo zetu wa Shule ya Jumapili, tukipata watu wazima wa kutuongoza.

Mzee wa Kanisa (saa 3:15 usiku): Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro alimkuta Musa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, akamwambia jambo hilo si jema, kwa kuwa atachoka yeye na watu walio pamoja naye. Binti yetu alichoka mbele ya macho yetu, tukawa tunamsifu kwa kujitoa. Kabla ya kuandika jina la mlezi mpya, wajumbe wawili wa baraza waende kwake wakamwombe radhi, na fedha aliyotumia irudishwe. Nauli si mshahara. Huyo kijana naye apewe jibu.

Mama Mlezi (Jumanne, saa 12:30 asubuhi): Shikamoo baba, tumekusikia. Nani ataongozana nami?

Mweka Hazina (saa 8:05 mchana): Nitalifikisha kwenye kamati ya fedha Alhamisi, lakini siwezi kuahidi kabla baraza halijakaa.

Shangazi wa Dar: Poleni, nimechelewa kusoma. Nauli ya mwezi wa kwanza nitatuma kwa simu. Nielezeni nimtumie nani.

Mama Mlezi: Mtumie Mweka Hazina, dada, ili iandikwe kitabuni. Mpaka sasa Jumamosi ya kwanza nipo mimi na Mama Elia, ya pili yupo Baba Neema peke yake, na kwa utaratibu wetu hataruhusiwa kuanza bila mwenzake. Mwenyekiti, mwanangu, kuhusu Shule ya Jumapili nitamwona Mchungaji. Mama Elia, utatupeleka kwa dada?

Mama Elia: Nitawapeleka akikubali kuwapokea. Simu yangu bado hajapokea.

Mwalimu wa Kwaya (saa 4:50 usiku): Mama, niweke Jumamosi ya tatu. Ya pili tuna harusi.