Kwa mliocheki Beast Wars enzi za mikanda: yule mjusi alikufa kweli au tulidanganywa?

Mjukuu wa Mwaloni

Wakuu habari za jioni, hasa watu wa Rock City yetu ya Mwanza mliokulia kwenye vibanda vya video. Kuna swali linanisumbua toka niko darasa la nne na sasa hivi nina mtoto wa darasa la pili, nisaidieni kabla sijaanza kumdanganya na yeye.

Kirumba, kwenye ile njia ya kushukia mwaloni, kulikua na kibanda kiingilio shilingi hamsini, mabati yamelazwa tu juu ya mbao na mlangoni pazia la kaniki. Mchana zinapigwa za kichina, jioni za kihindi, ila Jumamosi asubuhi wakubwa wakiwa wameshuka kupokea dagaa mwenye kibanda alikua anatuwekea katuni. Hapo ndo nikaijua Beast Wars, japo sisi tulikua tunaiita Wanyama Chuma. Maroboti yanajigeuza wanyama na vita haiishi, kuna duma, kifaru, panya, upande wa pili nyigu na mabuibui, bosi wa wema ni sokwe na bosi wa maadui ni Megatron, lile dinosari la zambarau. Mimi wangu alikua Dinobot, yule mjusi wa miguu miwili, maana alianza na maadui akahamia kwa wema na bado hakuna anayemwamini pande zote mbili. Tulikua tunakamata ile mijusi ya kwenye mawe, si mnaijua, kichwa chekundu mwili wa buluu inapiga pushapu juani, tunaifunga uzi tunasema huyu ndo Dinobot.

Kiingereza tulikua hatujui, mtafsiri wetu alikua binamu yangu wa darasa la saba, anakaa mbele kabisa anageuka kila baada ya dakika anatupa habari. Sasa siku hiyo Dinobot anapigana peke yake na kundi zima, mmoja mmoja, mpaka anaishiwa nguvu, silaha hana, anaokota jiwe na kijiti anafunga kama nyundo, yaani kibanda kizima kimya, mara DEKI IKALA MKANDA. Mistari, afu buluu. Jamaa akauchomoa utumbo wote nje anahangaika na penseli, wapi. Binamu akasimama akatumalizia mwenyewe, akasema mjusi alimtandika Megatron afu akashuka ziwani akanywa maji akalala, atarudi. Na kwamba bonde lile ni Olduvai kwa sababu wale watu wenye manyoya, mababu wa binadamu waliomo kwenye katuni, ndo walikua wanakaa hapo. Tukaamini, mimi nimeamini miaka yote.

Juzi kijana wangu kaiona kwenye simu ananiuliza baba huyu anakufa? Nikabaki namwangalia. Wajuzi karibuni.

Ngosha wa Igoma

Mkuu umenirudisha mbali sana. Pole lakini alikufa, na alikufa vibaya.

Hiyo episodi inaitwa Code of Hero, ipo sizoni ya pili, ilitoka 1998. Stori yenyewe iko hivi, Megatron alikua na diski ya dhahabu yenye habari za mambo yatakayotokea mbele, akalipua mlima kujaribu, na picha ya huo mlima kwenye diski ikabadilika na yenyewe. Maana yake kumbe ya mbele yanabadilika. Akapiga hesabu, kwenye zile vita za kwanza, za katuni ya Transformers ya 1984, Autobots (maroboti wema) walisaidiwa na binadamu, sasa nikiwamaliza mababu wa binadamu leo hao wasaidizi watatoka wapi? Ndo akaenda kwenye lile bonde na jeshi lake lote. Dinobot akawakuta pale yupo peke yake, wenzake wako mbali.

Na kinachouma ni kwamba hizo diski aliwahi kumpelekea Megatron yeye mwenyewe siku aliporudi kwa maadui kwa muda, so alikua anajua kabisa kosa ni lake. Ile nyundo ilimpiga Megatron kweli, binamu yako hapo hakukosea, afu Dinobot akatumia nguvu ya mwisho ya macho kuiunguza diski. Sokwe na wenzake wanafika jamaa taa zinazima. Hata panya ambaye walikua wanatukanana toka siku ya kwanza anakuja kuagana naye, na wanaagana kwa kutukanana vilevile.

Kabla hajazima anawaomba wakiulizwa habari zake wasimulie kama zilivyokua, mabaya pamoja na mazuri, watu wamhukumu kwa hayo. Afu anamalizia na maneno ya Hamlet ya Shakespeare. Sasa pima mwenyewe, mtu ameomba asimuliwe kwa ukweli, nyie Kirumba mkaambiwa ameenda kunywa maji ziwani 😂😂

Dagaa Mkavu

Hahahaha binamu alikua anajua kazi yake huyo. Kwetu Mabatini mtafsiri alikua anatuambia Megatron ni mjomba wake Dinobot wanagombea shamba.

Ila mkuu binamu hakudanganya lote, alisema ATARUDI na kweli karudi. Sizoni ya tatu Megatron katengeneza kopi yake, bonge la dude linatisha, halina huruma hata kidogo, na kwenye episodi za mwisho kabisa 1999 ile kopi inakumbuka yule wa kwanza alikua nani, inamgeuka Megatron inamsaidia sokwe. Kwahiyo mjusi alilala kweli. Na sio kopi ya kwanza, sizoni ya kwanza ilitengenezwa nyingine, Dinobot mwenyewe akaila. Anaonekana kabisa kashiba.

Mzee wa 84

Vijana mnapenda sana hii ya wanyama, sawa, ila mjue mlipotoka. Transformers wenyewe walianza kwenye TV Marekani Septemba 1984, vinyago vilitoka kwa Takara ya Japani, Hasbro wakavichukua wakavitafutia stori ya kuviuzia. Ndo shina la kila kitu. 1986 wakatoa filamu ya katuni wakamuua Optimus Prime, ile lori nyekundu, dakika za mwanzo tu, na sababu ni kwamba walitaka kupisha vinyago vipya dukani. Watoto Marekani wakalia mpaka ikabidi 1987 wamrudishe kwenye TV.

Ndo maana mimi na uzee wangu namuweka Dinobot juu ya Optimus kwenye suala la kufa. Optimus aliuawa na bei ya vinyago, huyu mjusi alijiua kwa hesabu zake mwenyewe, toka mwanzo wa episodi unamuona hana raha, anajiuliza kama kila kitu kimeshaandikwa yeye ana faida gani. Katuni ya watoto hiyo! Iliyotengenezwa Vancouver na Mainframe, na kompyuta za mwaka 1996. Zile kompyuta zilikua zinasota mpaka unakuta wahusika wachache, milima mitupu, nyasi za kubahatisha, nadhani ndo maana wakaweka nguvu kwenye maneno.

Mama Kulwa na Doto

Samahani kaka zangu mimi sijui maroboti ila wanangu wana miaka saba, wanaweza kuiangalia au ni mauaji matupu? Maana ukisoma hapa naona watu wanakulana

Ngosha wa Igoma

Mama Kulwa wape tu, damu hakuna ni vyuma vinakatika. Nyigu analipuliwa karibu kila episodi anaungwa upya, watoto wanacheka sana. Hiyo ya Dinobot tu kaa nao karibu.

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma yote, nasahihisha kidogo upande wa binamu.

Olduvai haijatajwa popote kwenye hiyo katuni, wala bonde halina jina. Ila alipolitoa wazo sio kubaya. Fuvu la Zinjanthropus Mary Leakey alilipata Olduvai 1959, umri kama miaka milioni 1.75, na zile nyayo za Laetoli hapo jirani zina miaka milioni 3.6. Katuni ya 1984 inasema chombo cha Autobots kilianguka duniani miaka milioni 4 iliyopita, na kwenye Beast Wars hicho chombo bado kimelala ndani ya mlima, so miaka inaingiliana vizuri tu. Mtoto wa darasa la saba kufikia hapo kwa kuangalia picha bila kujua lugha nampa maksi.

Anapofeli ni kwenye ziwa. Hili Ziwa Victoria ni bichi kabisa kwa umri wa maziwa, kama miaka 400,000 hivi. Kabla ya hapo mito kama Kagera na Mara ilikua inapita moja kwa moja kwenda magharibi, ardhi ya magharibi ikainuka, maji yakakosa njia yakatuama. Na hata baada ya hapo limeshawahi kukauka lote, limejaa tena kama miaka 14,000 na kitu iliyopita. Kwahiyo Dinobot angeshuka kunywa maji angekuta kichaka, hapo Mwaloni angetembea mpaka Bukoba kwa miguu.

Na ile nyundo pia. Zana za kale za Olduvai ni jiwe limegongwa na jiwe basi, unalishika mkononi. Kufunga jiwe kwenye mpini kumekuja baadaye sana. Mwisho wa episodi kuna katoto ka wale watu kanaokota ile nyundo kanaijaribu, maana yake mjusi chuma ndo kawafundisha na karuka madarasa mengi mno.

Mzee wa 84

Mwalimu heshima yako lakini umesahau kitu. Kile chombo kilianguka kwenye volkano MAREKANI. Autobots waliposhtuka 1984 watu wa kwanza kufahamiana nao ni Spike na baba yake Sparkplug, Wamarekani wa kisima cha mafuta. Na kwenye Beast Wars hicho chombo hakiko mbali na kambi zao. So bonde liko Marekani, na Marekani watu wa aina hiyo hawajawahi kuwepo. Walioandika walichanganya mafaili.

Dagaa Mkavu

Mzee volkano hata sisi tunazo, Ngorongoro ni nini? Ni volkano imedondokea ndani. Na Olduvai ipo hapo hapo pembeni. Duma wapo, kifaru wapo, fisi wapo. Marekani kifaru katoka wapi? Mi naungana na binamu, kesi imefungwa

Mzee wa 84

Hawakuwa duma wa kweli wewe, walijificha kwenye maumbo ya wanyama kwa sababu sayari ilikua na enagoni, ile nishati yao, nyingi mno, wakikaa muda mrefu kama roboti zinawaunguza.

Dagaa Mkavu

Sasa kopi ya duma si lazima duma mwenyewe awepo karibu?? 😂 Nasubiri jibu mzee wangu

Mwalimu wa Zamu

Na chui milia mweupe je, Dagaa? Huyo naye wa Ngorongoro?

Dagaa Mkavu

Huyo alikua mgeni

Mjukuu wa Mwaloni

Wakuu mbarikiwe, mmenitendea haki. Jana nimeunga bando tumekaa na kijana tumeiangalia yote, mimi kwa mara ya kwanza mpaka mwisho. Nilijua nitakaza ila pale panya anapokuja nikasema naenda kufunga geti. Kijana hakulia, kaniuliza tu kwanini wenzake walichelewa, sikua na jibu, nikamwambia network.

Baadae nikampigia binamu, yuko Nansio siku hizi ana mtumbwi wake. Nikamuuliza bro unamkumbuka yule mjusi wa Wanyama Chuma ulituambia kalala ziwani? Kacheka dakika nzima. Anasema kabla mkanda haujakwama aliona macho ya jamaa yanaanza kuzima, akageuka nyuma akamkuta mdogo wangu ameshakunja uso anataka kulia, akajua akilia huyu tunalia wote na mwenye kibanda atatutoa nje bila ya pili kuwekwa. Basi akatunga hapo hapo akiwa amesimama. La Olduvai anasema lilitoka kwenye kitabu cha historia, walikua na jaribio Jumatatu.

Afu akauliza zile hamsini zetu zilirudishwa? Nikamwambia hapana. Akasema basi huyo jamaa tukionana naye nimdai, na zake pia.

Leo asubuhi kijana yuko juu ya jiwe nyuma ya nyumba na mijusi miwili, mmoja Dinobot, mwingine anasema ni ile kopi. Nimemkataza kuifunga uzi.

Mama Kulwa na Doto

Nimewawekea wanangu, Kulwa kampenda nyigu Doto kampenda nyigu. Ugomvi

Ngosha wa Igoma

Mama Kulwa waambie wavumilie mpaka mwisho, wenzake wakiondoka yeye ndo anabaki duniani na wale watu wenye manyoya wanamfanya mfalme. Aliyekua analipuliwa kila siku!

Kondakta wa Buhongwa

Mwenye nayo sizoni zote tatu aniwekee kwenye flashi, kesho mchana nipo Buzuruga stendi, soda ipo