Soda ya kunywa kidogo kidogo na gego la mtoto wa miaka 8

Mama wa Isevya:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina duka hapa Isevya, Tabora, na mwanangu wa miaka 8 hushinda nami akitoka shule. Joto la Oktoba mnalijua, kwa hiyo humfungulia soda moja, naye huinywa kwa funda dogo dogo hadi magharibi. Sasa gego lake la chini, lile la nyuma kabisa, limetoboka, na hulalamika akitafuna upande huo. Jirani ananituliza kwamba hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka. Je, ni kweli? Na nikimpa soda isiyo na sukari, au maji ya asali, nitakuwa nimemsaidia?

Tabibu wa Meno:
Pole sana, Mama. Magego ya kwanza ya kudumu huota nyuma ya meno ya utotoni mtoto akiwa na takriban miaka 6, bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi huyadhania ya utotoni. Kwa maelezo yako, gego hilo yaelekea ni la kudumu, na likipotea halioti jingine.

Chupa ya mililita 350 ya soda ya kola huwa na takriban gramu 37 za sukari, sawa na vijiko tisa hivi vya chai. Bakteria walio kwenye utando wa meno huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, na soda yenyewe tayari ina asidi yake, nayo huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje la jino. Mate huituliza asidi na kurudisha madini, lakini yanahitaji nusu saa au zaidi tangu funda la mwisho. Mtoto anayekunywa funda moja kila baada ya dakika chache hayapi mate nafasi hiyo mchana kutwa, na kwa meno yake jambo hilo ni baya kuliko kuimaliza chupa ileile pamoja na chakula. Soda isiyo na sukari haiwalishi bakteria, ila asidi yake bado hulila jino.

Mfuga Nyuki, Sikonge:
Mama, mimi naishi kwa asali na ninaipenda, lakini takriban asilimia 80 yake ni sukari. Maji ya asali yakinywewa mchana kutwa yatafanya kazi ileile ya soda. Ubuyu wa sukari na juisi ya ukwaju navyo uviangalie, maana watoto huvimung'unya kwa muda mrefu. Mwekee maji ya kunywa hapo dukani.

Mama wa Isevya:
Nawashukuru sana. Je, nimpigishe mswaki mara tu anapomaliza soda?

Tabibu wa Meno:
Hapana, Mama. Wakati huo uso wa jino umelainika na mswaki utaukwangua. Asukutue kwa maji kwanza, mswaki usubiri angalau nusu saa. Tumia dawa ya meno yenye floridi, hasa kabla ya kulala, na umsimamie. Ateme povu bila kusukutua tena. Tundu lililokwisha kutoboka halizibwi na mswaki. Mpeleke kliniki ya meno wiki hii, wakati gego bado linaweza kuzibwa, kabla uozo haujafika kwenye mshipa wa fahamu.