Samaki wameenda mbali: nikope ninunue injini, au niachane na bahari?

Mtu_wa_Madema: Wakuu, habari zenu. Navua kwa mtumbwi wa tanga, mishipi na madema, ile mitego ya kusuka. Zamani changu na tasi nilikuwa nawapata mwamba wa karibu, jua halijawa kali nimesharudi. Sasa dema linapanda na kaa wawili. Mwamba wenyewe joto la 2024 liliufanya mweupe kama chokaa, leo umetanda mwani. Wenye injini wanakwenda kina kirefu na wanapata. Nimeahidiwa mkopo, dhamana nyumba. Mke wangu hataki hata kusikia. Nichukue?

Nahodha Mstaafu: Mdogo wangu, msikilize shemeji yetu. Injini inakunywa mafuta hata siku unayorudi mikono mitupu, na siku za kutoka zenyewe zinapungua kwa pepo hizi zisizoeleweka. Piga hesabu kwa mwezi mbaya.

Matumbawe: Siyo kwenu tu. Aprili 2024 ilithibitishwa kuwa matumbawe, viumbe wanaojenga mwamba, yanageuka meupe karibu bahari zote za joto duniani, mara ya nne baada ya 1998, 2010 na 2014 hadi 2017. Maji yakizidi nyuzi 1 tu juu ya joto la kawaida la mwezi wa joto kuliko yote, yakakaa hivyo wiki kadhaa, matumbawe yanavifukuza vijimea vinavyoyalisha. Maji yakipoa mapema, yanapona. Yakichelewa, yanakufa na mwani unatawala. Wanaoula huo mwani ni tasi na pono, hao hao unaowatega. Kwa hiyo panua matundu ya dema, wadogo watoke.

Bi Mkubwa wa Pweza: Mimi nashauri mfunge mwamba kwa muda. Kijiji cha Andavadoaka kule Madagascar walianza na pweza 2004, maana pweza hukua haraka mno, miezi michache tu unaona tofauti. Ila fungeni kipande, msifunge wote! Sisi tunaookota pweza kwa miguu maji yakitoka hatuna chombo cha kutupeleka kwingine, na kwenye vikao vya wavuvi huwa hatuitwi. Na siku ya kufungua wekeni walinzi, la sivyo watu watavamia mmalize vyote asubuhi moja.

Tanga Mbili: Mnamwambia asubiri, watoto wale nini? Sisi tulichanga wanne tukanunua injini, hakuna nyumba iliyowekwa rehani. Mapato tunagawa mafungu: la chombo, la injini, mengine ya mabaharia. La injini haliguswi hata kwa msiba. Jua pia kwamba kule nje mishipi ni mingine, na bila barafu utauza samaki waliolegea kwa bei ya kutupa.

Mtu_wa_Madema: Nashukuru sana, nyumba sigusi. @Tanga Mbili, mmoja wenu akitaka kujitoa katikati inakuwaje?

Tanga Mbili: Analipwa fungu lake kwa thamani ya injini siku hiyo, siyo pesa aliyotoa mwanzo. Andikeni kabla hamjanunua. Sisi tuliandika baadaye na tulikaribia kushikana mashati.