Maabara ya kupima feni Nairobi: chumba cha anemomita, mizani ya msukumo au bomba la nozeli?

FundiBabaDogo
Wadau, habari za jioni. Mimi na mwenzangu tumepata godauni Baba Dogo, tunataka kufungua maabara ndogo ya kupima feni za nyumbani: za dari, za mezani na za kusimama. Wateja ni waagizaji na karakana mbili tatu zinazounganisha feni hapa hapa. Wanataka jibu moja tu: feni inasukuma hewa kiasi gani kwa kila wati inayokula. Njia ni tatu. Chumba cha mita 4.5 kwa 4.5, unapitisha anemomita (kifaa cha kupima mwendo wa hewa) chini ya mapanga nukta kwa nukta. Au unaitundika feni kwenye mizani ya kielektroniki na kusoma msukumo. Au bomba lenye nozeli (mdomo mwembamba wa kupimia hewa inayopita), kwa mtindo wa kiwango cha kimataifa cha ISO 5801. Pesa zinatosha njia moja. Mngeanza na ipi?

Mama_Vipimo
Bomba lifute. Hilo ni la feni inayopambana na shinikizo, kama ile ya kutoa moshi jikoni. Feni ya dari iko wazi pande zote. Ukiifungia kwenye bomba unapima kitu kingine kabisa.

Kwa zilizobaki, jiulize mteja ataipeleka wapi karatasi yako. IEC 60879, kiwango cha kimataifa cha feni za nyumbani, kinatumia anemomita. Mizani ni ya AMCA 230, kiwango cha Marekani.

Kijana_Ruaraka
Mizani, mkuu. Feni ikisukuma hewa chini, yenyewe inainuliwa kidogo. Soma uzito kabla ya kuwasha, soma tena mwendo ukitulia, tofauti ndiyo msukumo. Anemomita itakukalisha nusu siku kwa feni moja, na mtu akifungua mlango unaanza upya.

Mama_Vipimo
Ni haraka kweli, kaka, lakini mizani haipimi hewa. Inapima nguvu, halafu hewa unaipata kwa hesabu: msukumo mara eneo la duara la mapanga, gawanya kwa densiti ya hewa (uzito wake kwa kila mita ya ujazo), tafuta kipeuo cha pili. Hapo kwenye densiti ndipo Nairobi inapowatega watu. Vitabu vingi vinaandika kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu kwa takriban mita 1,700, hewa yetu ni kama kilo 1.0.

Chukua feni ya milimita 1,400, eneo lake ni mita za mraba 1.54. Tuseme msukumo ni nyutoni 10. Kwa 1.2 unapata mita za ujazo 215 kwa dakika, kwa 1.0 unapata 235. Feni ni ile ile, mizani ni ile ile.

Na anemomita nayo si salama zote. Ya waya wa moto inahisi wingi wa hewa unaopita, kwa hiyo hapa inasoma chini kama hujaiambia shinikizo la mahali. Ya kipanga, yaani yenye vipanga vidogo vinavyozungushwa na upepo, haisumbuliwi sana na mwinuko, ila kwenye upepo mdogo inakwama kwa msuguano.

Mwana_wa_Likoni
Mnazipima huko kwenye baridi, sisi ndio tunaolala chini yake 😅. Hewa nyepesi si inamaanisha pangaboi linakula umeme kidogo kuliko huku?

Mama_Vipimo
Ndiyo. Kwa mzunguko ule ule, ujazo wa hewa haubadiliki lakini wati za kuisukuma zinashuka pamoja na densiti. Feni itaonekana nzuri zaidi Nairobi kuliko Mombasa. Kwa hiyo ripoti iandike shinikizo na joto la chumba, na matokeo yaliyogeuzwa kuwa ya hewa ya kawaida (ile ya kilo 1.2) yakae kando ya yale ghafi. Mwagizaji anayeuza pwani atayahitaji.

StimaPoa
Mmesahau stima. Volti za eneo la viwanda hupanda na kushuka kutwa nzima, na feni ya mota ya kawaida hubadilisha mwendo volti zikicheza. Stebilaiza ya friji haitoshi, inaruka kwa hatua. Nunua mtambo wa kutoa umeme thabiti, uufunge kwenye 240 na hezi 50, kabla hata ya hiyo mizani. Pia hilo godauni, kama paa ni mabati matupu, saa saba mchana hewa ya moto inazunguka yenyewe humo ndani. Weka dari, au pima asubuhi.

FundiBabaDogo
Asanteni sana. Basi chumba na anemomita ya kipanga, kwa sababu ya IEC. Mizani tutaiongeza baadaye, ya kuchuja feni haraka kabla ya kipimo kamili. Vifaa vikifika vitaenda kalibresheni (kuhakikiwa usahihi) KEBS, shirika la viwango, pale Popo Road, halafu tutaanza safari ya ISO/IEC 17025, kiwango cha maabara za upimaji, na KENAS wanaotoa ithibati. Shinikizo la hewa nalichukua kwenye programu ya hali ya hewa ya simu?

Mama_Vipimo
Hapana! Hiyo inakupa shinikizo lililorekebishwa hadi usawa wa bahari, utaona 1,020 na kitu. Chumbani mwako ni kama hektopaskali 830. Nunua baromita, na uhakikishe inaonyesha shinikizo halisi la mahali ilipo.