Mota ya 1400 au 2800 kwa mashine ya mkanda wa msasa? Nalipia Jumamosi

Kisu_Moro:
Wakuu habari zenu. Naunda mashine ya mkanda ya kusagia visu, fremu nimeshachomelea imebaki mota tu. Kuna jamaa anauza mbili za mtumba, moja raundi 1400 kwa dakika nyingine 2800, bei zinakaribiana. Nataka moja ifanye zote, kusaga bapa mpaka finishing. Nichukue ipi? Jumamosi ndo mwisho, kuna mtu mwingine anazimendea.

mkerezaji:
Sasa mkuu hapo umetuambia nini? Gurudumu linaloendesha mkanda lina kipenyo gani? Umeme wako fezi moja au tatu? Mota hospawa ngapi? Mkanda urefu gani? Raundi peke yake haisemi kitu, kinachokata chuma ni spidi ya mkanda. Bila hayo tunapiga ramli.

Chuma_Chakavu:
2800 funga macho. Ukipata mikanda ya keramiki, yenye chembe ngumu za kauri, ile yataka spidi na kukandamizwa, ukiiendesha polepole kwa mkono mwepesi inajing'arisha tu haikati, unabaki kulaumu aliyekuuzia.

Kisu_Moro:
Samahani mkerezaji. Mkanda ni ule wa milimita 50 kwa 1830. Nyumbani fezi moja. Gurudumu bado sijakereza, nilikuwa nafikiria 100.

mkerezaji:
Kama hujakereza basi una bahati. Piga hesabu, kipenyo kwa mita mara 3.14 mara raundi. Gurudumu la 100 kwa mota ya 1400 ni kama mita 440 kwa dakika, kwa 2800 ni 880. Ukikereza la 200 ukaweka kwenye 1400 unapata 880 hiyo hiyo. Kwa kusaga chuma kikavu kwa msasa wa chembe kubwa, namba 36 au 60, watu wanapenda mita 1200 kwenda juu, finishing na mpini shuka 300 mpaka 600. Kwahiyo hakuna mota moja ya spidi moja itakayokupa vyote, labda ufunge puli za ngazi kama za drili ya meza uwe unahamisha belti.

juakali_Kario:
Puli za ngazi ni za enzi za babu buda. Tafuta mota ya fezi tatu na invata, unaingiza 220 fezi moja inatoka fezi tatu, spidi unabadilisha kwa kuzungusha kitufe tu. Mimi niko Kariobangi, Nairobi natumia hiyo na sirudi nyuma. Ila kibati cha mota, kile chenye maelezo yake, kisomeke volti 220/380 ndo uiunge delta, yaani nyaya kwa mtindo wa pembetatu.

mkerezaji:
Sawa, lakini mwambie pia ukishusha sana feni ya mota inazunguka taratibu nayo, mota inachemka. Na unga wa chuma ukiingia kwenye invata ni shoti. Ifungie kwenye boksi.

Mzee_wa_Springi:
Vijana mnabishana spidi ya kusaga, hakuna anayeongelea kuunguza. Ngoja niwape yangu. Nilipata oda ya visu 12 vya mchinjaji, springi ya lori, nikavipasha moto nikavizamisha kwenye mafuta vizuri kabisa vikakaza, nikavirudisha kwenye oveni nyuzi 200 saa mbili mara mbili, tupa inateleza juu yake kama kwenye kioo. Nikaingia finishing. Mota 2800 gurudumu la 150, yaani mita 1300 na ushee, mkanda namba 400 umeshachoka na mimi nina haraka mteja anapiga simu kila saa. Ndoo ya maji ipo pembeni lakini uvivu, nachovya baada ya kupitisha mara nne tano. Ncha ikaja rangi ya asali, kabla sijainua mkono zambarau, mara bluu. Na sio kimoja. Nikavipitisha kwenye mkanda mpya rangi ikatoka vikang'aa nikajua nimepona. Wiki haijaisha mchinjaji huyu hapa na mfuko, ncha zimejikunja akigusa mfupa tu. Nilirudisha hela ya visu tisa na oda ya pili hakunipa. Bluu ukishaiona ugumu umekwenda, kung'arisha hakurudishi kitu. Siku hizi baada ya moto nasaga mikono mitupu, vidole vikisikia joto nachovya.

Chuma_Chakavu:
Pole mzee ila hapo kosa ni mkanda uliochoka sio spidi. Mkanda mpya unakata baridi.

Mzee_wa_Springi:
Mwanangu mkanda mpya wa namba 400 kwa spidi ile dakika tatu umeshakuwa mzee.

juakali_Kario:
Mikono mitupu tena? Mimi bila glavu sikaribii.

mkerezaji:
Glavu ya kitambaa ikinaswa kati ya mkanda na kiegemeo inavuta na kidole. Hapo niko na mzee. Cha kuvaa ni miwani na barakoa, hasa ukisaga mpini wa mpingo, vumbi lake linawasha koo siku nzima.

dada_Makali:
Shikamoo mzee. Na mpingo nao spidi ikizidi unaungua, unatoa mafuta na mkanda unaziba. Mimi kwa mpini naendesha taratibu kabisa, namba 120. Halafu pembe ya ng'ombe msiniulize, majirani walinishtaki kwa balozi wa nyumba kumi kwa ile harufu.

Chuma_Chakavu:
😂😂 pembe saga jioni wakiwa wanapika.

Kisu_Moro:
Wakuu nimefika kwa jamaa leo. Ile ya 1400 imeshaondoka jana. Imebaki 2800 na kibati kimefutika hakisomeki kabisa, muuzaji mwenyewe hajui fezi ngapi. Amepunguza kidogo.

mkerezaji:
Fungua kisanduku cha nyaya. Ina kapasita? Hiyo fezi moja, invata sahau. Zikitoka nyaya sita hapo kuna matumaini ni fezi tatu. Hospawa hujasema mpaka leo.

Kisu_Moro:
Hataki nifungue mpaka nilipe.

Mzee_wa_Springi:
Ondoka hapo.

Chuma_Chakavu:
Mpe nusu ufungue.

dada_Makali:
Samahani nitoke nje ya mada, hiyo mikanda ya keramiki kwa Arusha inapatikana wapi? Naona huku ile ya kawaida ya kahawia tu.